Kufukua au Kuacha: Makaburi, Mafuvu na Utafiti wa Akiolojia katika Ungoni, Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala hii inajadili nafasi ya kaburi kama chanzo cha historia katika Mkoa wa Ruvuma, hususan Ungoni, milima ya Umatengo wilayani Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Kanuni nyingi za akiolojia ya makaburi zilikomazwa Misri, ambako swali kuu la mtafiti limekuwa ni nini kilichomo kaburini. Makala inadai kuwa katika Ruvuma swali hilo linatanguliwa na jingine: ni nani asiyekuwamo, na yuko wapi. Kwa kuwa sehemu ya mabaki ya watu waliouawa katika uvamizi wa Kijerumani ilichukuliwa na kupelekwa Ulaya, uchunguzi wa makaburi ya eneo hili unapaswa kuanzia katika maghala ya makumbusho na katika koo zilizo hai, upitie juu ya ardhi, na ufike kwenye jembe mwisho kabisa, tena kwa ridhaa ya wafiwa.

1.0 Utangulizi

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliiita bandari ya Liuli, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kwa jina la Sphinxhafen, maana yake Bandari ya Sfinksi. Sababu ilikuwa mwamba mkubwa ulioko pale ufukweni, ambao machoni mwao ulifanana na sanamu ya Sfinksi inayolinda makaburi ya wafalme huko Giza. Wenyeji walikuwa na jina lao la mwamba huo, Pomonda, na hawakuwa na haja ya Misri ili kuueleza. Jina la kigeni lilienea ulimwenguni Agosti 13, 1914, pale meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli kwa matengenezo. Baada ya vita jina hilo lilififia, na Liuli ikabaki Liuli.

Tukio hilo la jina ni dogo, lakini linaonyesha mazoea yaliyoathiri pia utafiti. Mgeni aliyefika Nyasa alikuwa amekwisha kuiona Misri, vitabuni au kwa macho, na aliyapima aliyoyakuta kwa kipimo hicho. Palipokosekana piramidi palihesabiwa kuwa hapana makaburi. Na palipokosekana makaburi ya mawe palihesabiwa kuwa hapana historia ya kale. Wakati huohuo, utawala uliotoa jina hilo ulikuwa ukikusanya mafuvu ya watu wa nchi hii na kuyasafirisha hadi Berlin. Makaburi yaliyodaiwa kutokuwa na la kusema ndiyo yaliyokuwa yakiporwa.

Makala hii inashughulikia swali moja: je, mwanaakiolojia anayetaka kuyaelewa makaburi ya Ruvuma aanze kwa kufukua? Swali hilo limepata uzito mpya tangu Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea, akaomba radhi kwa ukatili wa wakati wa Majimaji na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Ahadi hiyo inagusa kaburi mahsusi, ukoo mahsusi na ardhi mahsusi. Jinsi itakavyotekelezwa ni suala la mbinu za utafiti kama lilivyo suala la siasa.

2.0 Misri kama Kipimo na kama Onyo

Haiwezekani kuzungumzia uchimbaji wa makaburi bila kupitia Misri, kwa kuwa taaluma yenyewe ilijifunza huko, kwa mafanikio na kwa makosa. Ufukuaji wa makaburi katika bonde la Nile ni wa kale kuliko taaluma. Mafunjo ya enzi ya Ramesses IX, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, yanasimulia mashauri ya watu waliokamatwa kwa kupora makaburi ya wafalme. Makuhani wa baadaye walizihamisha maiti za wafalme na kuzificha pamoja katika pango la Deir el-Bahari. Mwaka 1881, baada ya familia moja ya kijiji cha jirani kuwa imelijua pango hilo kwa miaka kadhaa na kuuza vitu vyake kidogo kidogo, maofisa wa mambo ya kale walilifungua na kulimaliza kwa siku mbili hivi. Maiti ziliokolewa, lakini mpangilio wa vitu ndani ya pango, ambao ni nusu ya ushahidi, ulipotea kwa kuwa haukurekodiwa ipasavyo.

Flinders Petrie alionyesha njia nyingine. Kutokana na makaburi ya Naqada aliyoyachimba kuanzia mwaka 1894, alivipanga vyungu vya mamia ya makaburi kwa kufuata mabadiliko ya maumbo yake, akapata mfuatano wa nyakati pasipo maandishi yoyote. Hapo ndipo kaburi la mtu wa kawaida, lenye vyungu viwili au vitatu, lilipopata thamani ya kihistoria iliyolingana na ya kaburi la mfalme. Somo hilo lingeweza kuifaa Afrika Mashariki mapema sana, kwani hapa ndipo palipojaa makaburi ya watu wa kawaida. Umaarufu, hata hivyo, ulikwenda kwingine. Kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa na Howard Carter Novemba 1922 lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000, na kazi ya kuvitoa ilichukua takriban miaka 10.

Kuna jambo katika kazi hiyo ambalo husahaulika. Mwaka 1925, ili kuitoa maiti ya mfalme katika jeneza na katika barakoa ya dhahabu iliyokuwa imegandamana nayo kwa utomvu, wachunguzi waliikata vipande, na kichwa kikatenganishwa na kiwiliwili. Kisha maiti ilirudishwa kaburini mwake, na hadi leo imo humohumo katika Bonde la Wafalme. Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, hata uchimbaji uliosifiwa kwa uangalifu wake ulikuwa na gharama kwa mwili wa marehemu. Pili, hata Misri haikukubali kwamba mwili wa mfalme huyo ukae ghalani mbali na kaburi lake.

Lugha ya Kiswahili nayo ina kumbukumbu yake ya maiti za Misri. Neno mumiani lilifika pwani pamoja na biashara ya dawa nyeusi iliyosadikiwa kutoka katika maiti zilizokaushwa. Katika karne ya 20 neno hilo lilikwisha kuhamia kwa watu waliohofiwa kuwa wanawaua wenzao ili kuchukua damu, na mara nyingi watu hao walidhaniwa kutumwa na Wazungu. Mtafiti anayebisha hodi kijijini akiulizia makaburi ya wazee, na pengine akiomba sampuli ya mate kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba, anaingia katika historia hiyo apende asipende. Hofu hiyo isichukuliwe kuwa ujinga. Ni maelezo ya kijamii ya jambo lililotokea kweli: miili ya watu iligeuzwa bidhaa na mali ya wengine.

3.0 Makaburi ya Ruvuma na Mazingira Yake

3.1 Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwambao unaoanzia kaskazini mwa Liuli na kupita Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012, umekuwa makazi ya wavuvi na wakulima kwa vizazi vingi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakazi wake waliishi chini ya tishio la mashambulizi ya Wangoni na la misafara ya watumwa. Wamisionari wa UMCA walioanza kazi ziwani katika miaka ya 1880 waliandika kuhusu watu waliojenga vibanda juu ya nguzo majini na juu ya miamba kwa sababu ya hofu hiyo. Katika hali kama hiyo, mazishi ya wengi hayakuweza kuacha alama ya kudumu.

Ziwa lenyewe limeongeza ugumu. Usawa wa maji ya Nyasa haukai mahali pamoja: mwanzoni mwa karne ya 20 ulishuka kiasi kwamba kuanzia mwaka 1915 hivi, kwa takriban miaka 20, maji hayakutoka kuingia Mto Shire, kisha ulipanda, na kufikia mwaka 1980 ulikuwa juu sana. Kwa hiyo ufukwe wa leo si ule wa mwaka 1900. Mtafiti anayetafuta makaburi ya wakati huo kandokando ya maji ya sasa anaweza kuwa amesimama mahali palipokuwa mashamba, huku makaburi yakiwa chini ya maji au yamekwisha kuliwa na mawimbi.

Kaburi linalojulikana zaidi katika mwambao huu ni la mgeni. William Percival Johnson, mmisionari Mwingereza aliyelitumikia ziwa kwa zaidi ya miaka 40, alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, na kaburi lake limekuwa mahali pa hija kwa Waanglikana. Waliojenga kanisa hilo pamoja naye, waliopiga makasia na waliomfundisha lugha, wengi wao hawana kaburi linalotambulika. Tofauti hiyo isichukuliwe kuwa kasoro ya watu wa mwambao. Inatokana na jiwe, saruji na maandishi, ambavyo havikugawanywa sawa.

3.2 Umatengo

Kupanda kutoka ziwani kwenda Mbinga ni kuingia katika nchi nyingine. Wamatengo, waliosukumwa na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, walijikita katika miteremko mikali na mapango, wakaendeleza kilimo cha ngoro. Katika kilimo hicho nyasi hulazwa kwa miraba na udongo hufukiwa juu yake, na hivyo mteremko mzima hujaa mashimo yanayozuia mmomonyoko. Kwa mwanahistoria wa kilimo, ngoro ni hazina. Kwa mwanaakiolojia wa makaburi ni kikwazo, kwa kuwa ardhi ileile hupinduliwa tena na tena, na tabaka za udongo zinazopaswa kusomwa kama kurasa huwa zimekwisha kuchanganyika.

Udongo wa nyanda za juu zenye mvua nyingi una tatizo jingine. Misri huhifadhi miili kwa ukavu wa mchanga; udongo wenye asidi na unyevu huyeyusha mifupa. Kaburi la miaka 100 katika milima ya Umatengo linaweza kufukuliwa na kukutwa halina mfupa hata mmoja, ila weusi wa udongo na shanga chache. Anayeamua kulifungua anapaswa kujua kwamba huenda anaharibu kitu chenye heshima ili apate kitu kisichosomeka.

Pamoja na hayo, Umatengo una mahali pa kumbukumbu panaposomeka vizuri bila kuchimbwa. Litembo, ambako Wamatengo walipambana na Wajerumani mwaka 1902, panakumbukwa kwa mapango na miamba yake pamoja na masimulizi yanayotaja nani alikimbilia wapi. Hapo ardhi na simulizi hukaguana: simulizi linaelekeza kwenye pango, na ukubwa na njia za pango zinaonyesha kama simulizi linawezekana.

3.3 Ungoni

Songea ndipo penye makaburi yanayobishaniwa zaidi. Baada ya Wangoni kujiunga na Vita vya Majimaji mwaka 1905 na kushindwa, viongozi wao walikamatwa. Februari 27, 1906 wengi wao walinyongwa, na kwa jumla waliouawa hivyo walizidi 60, akiwamo Nkosi Mputa Gama wa Njelu. Nduna Songea Mbano, ambaye masimulizi yanamweka katika pango la Chandamali kabla ya kukamatwa kwake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Walizikwa katika kaburi la pamoja, na kaburi la Nduna Songea limetengwa kando. Mapokeo ya ukoo wake yanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Leo eneo hilo ni Makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka tarehe 27 Februari hufanyika maadhimisho ya mashujaa.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kaburi hilo ni la wachache. Idadi ya waliokufa kutokana na Majimaji inakadiriwa na wanahistoria kuanzia 75,000 hadi 300,000, na walio wengi waliuawa na njaa iliyoletwa na sera ya kuchoma vijiji na ghala za nafaka. Wafu wa njaa hawakunyongwa mbele ya umati wala hawakuandikwa. Akiolojia inayolitazama kaburi la mashujaa peke yake inaweza kurudia kosa la Misri la kumtafuta mfalme na kumpita mkulima.

4.0 Fuvu kama Kaburi Lililohamishwa

Kuanzia mwaka 1885, Felix von Luschan alifanya kazi katika makumbusho ya Berlin yaliyohusika na tamaduni za mataifa ya nje, na kwa miongo kadhaa alipokea mafuvu kutoka makoloni kwa mikono ya maofisa, madaktari na wasafiri. Lengo lililotangazwa lilikuwa kupima na kuainisha watu kwa rangi na nasaba, nadharia ambayo sayansi imekwisha kuitupa. Sehemu ya makusanyo hayo ilipitia hospitali ya Charité na tangu mwaka 2011 ipo chini ya Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Uchunguzi wa taasisi hiyo juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika lililokuwa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki ulionyesha kuwa mengi yanahusiana na Rwanda ya sasa, na takriban 200 na Tanzania.

Mafuvu haya ni makaburi yaliyohamishwa. Kila moja lina kaburi au mahali pa kifo upande huu, na namba au maandishi ya ghalani upande ule. Kazi ya mwanaakiolojia ni kuunganisha pande hizo mbili. Historia ya Tanzania ina mifano miwili inayofundisha kwa kutofautiana.

Mfano wa kwanza ni Mtwa Mkwawa wa Uhehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake, lakini halikurudi hadi mwaka 1954, pale Gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga. Fuvu hilo lilichaguliwa kati ya mengi katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa zake. Uhehe ulipata faraja, na faraja hiyo ni ya kweli. Kimbinu, hata hivyo, utambuzi ulitegemea elimu ileile ya vipimo vya vichwa iliyoyafanya mafuvu yakusanywe tangu mwanzo, na ndiyo maana mashaka ya wataalamu hayajakoma.

Mfano wa pili ni wa Kilimanjaro. Machi 2, 1900, Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wenzake. Septemba 2023, taasisi ya Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu machache vililinganishwa na vya watu walio hai, na ndugu wakapatikana. Fuvu mojawapo lilikuwa limeandikwa neno Akida, cheo cha mshauri wa Mangi Meli, na lilioana kikamilifu na mzawa wa ukoo wa mshauri huyo. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwamo kati ya yaliyotambuliwa. Linalopaswa kuzingatiwa ni mpangilio wa kazi: maandishi juu ya fuvu yalielekeza kwenye ukoo, ukoo ukaridhia kutoa sampuli, na maabara ikathibitisha. Hakuna kaburi lililofunguliwa.

5.0 Hoja ya Kufukua na Hoja ya Kuacha

Wanaotetea ufukuaji wa makaburi ya Songea wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Kwanza, uchimbaji wa kitaalamu ungeweza kuthibitisha idadi ya waliozikwa na namna walivyozikwa. Pili, kama kiwiliwili katika kaburi la Nduna Songea kingekutwa hakina kichwa, madai ya ukoo yangepata ushahidi usiokanika mbele ya serikali yoyote. Tatu, mifupa ingeweza kutoa vinasaba vya kulinganishwa moja kwa moja na fuvu lolote litakalopatikana Ulaya.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote, na makala hii inaikubali kwa sharti. Ushahidi wa kukosekana kwa kichwa una thamani kama mifupa ya shingo ingalipo na inasomeka, jambo ambalo udongo na muda havilihakikishi. Iwapo mifupa imeyeyuka, ufukuaji ungeleta ukimya ambao mpinzani angeweza kuugeuza kuwa kanusho: kwamba hapakuwa na kitu. Ukoo ungekuwa umetoa kaburi lake na kupokea shaka badala yake. Hoja ya tatu imepungua nguvu kutokana na mfano wa Kilimanjaro. Wangoni huhesabu nasaba kwa upande wa baba, na vinasaba vinavyorithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana vinaweza kutafutwa kwa wazawa walio hai. Hoja ya kwanza inahusu idadi, na kwa idadi nyaraka za utawala wa Kijerumani, za misheni ya Peramiho na masimulizi yaliyokusanywa na mradi wa utafiti wa Majimaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 bado vina mengi ya kulinganishwa.

Kuna pia hoja isiyopimwa maabara. Kwa Wangoni na Wamatengo, mahoka ni wazee waliotangulia ambao bado wana haki na madai katika mambo ya walio hai. Kaburi ni anwani yao. Kulifungua bila idhini ni kuvunja uhusiano, na uhusiano ukivunjika hata masimulizi hufungwa. Hasara hiyo ni ya kitaaluma pia: mzee anayeona kaburi la babu yake limegeuzwa shimo la majaribio hataeleza tena lilipo kaburi la bibi.

Upande mwingine, kuacha kila kitu kama kilivyo si jibu. Ziwa linaendelea kula fukwe. Barabara, bandari na uchimbaji wa makaa ya mawe katika Ngaka, wilayani Mbinga, vinabadilisha ardhi. Na wazee wanaojua majina ya mahali wanapungua. Kaburi lisilorekodiwa linaweza kupotea bila hata kufukuliwa. Kwa hiyo hoja ya kuacha inahusu jembe peke yake. Haimruhusu mtafiti kuacha kazi.

6.0 Mpangilio wa Kazi Unaopendekezwa

Kazi za wanaakiolojia Watanzania zimekwisha kuandaa njia. Bertram Mapunda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, aliichunguza upya Majimaji ya Ungoni kwa kuunganisha akiolojia na masimulizi ya mdomo. Nancy Rushohora naye ameiendeleza kazi hiyo kwa kuyaangalia maeneo ya vita, mandhari na kumbukumbu kama ushahidi mmoja. Kwa kuzingatia mwelekeo huo, makala hii inapendekeza hatua nne.

Hatua ya kwanza ni ghala. Orodha, lebo na maandishi yaliyo juu ya mafuvu katika makumbusho ya Ulaya na Marekani yasomwe na watafiti wanaojua majina ya mahali, vyeo na koo za Ruvuma. Neno ambalo kwa karani wa Berlin lilikuwa herufi tupu linaweza kuwa jina la kijiji kwa msomaji wa Mbinga. Hatua ya pili ni ukoo: mazungumzo, idhini ya maandishi na ya kimila, na baada ya hapo tu sampuli. Majibu yarudishwe kwa waliozitoa kabla ya kutangazwa. Hatua ya tatu ni juu ya ardhi: ramani za makaburi, miti ya kumbukumbu, mapango na mahame, pamoja na vifaa vinavyosoma chini ya udongo bila kuugusa. Hatua ya nne, ya mwisho, ni uchimbaji, iwapo wafiwa wenyewe watauomba au iwapo kaburi linakabiliwa na uharibifu usiozuilika.

Sheria zilizopo hazitoshi kusimamia mpangilio huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja mabaki ya kabla ya mwaka 1863. Kaburi la mwaka 1906 linahitaji tamko la Waziri ili lipate ulinzi uleule. Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya mwaka 1969 imetungwa kwa ajili ya ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma, na inashughulikia notisi, gharama na kuzika upya. Hakuna kati ya hizo iliyotungwa ikimfikiria marehemu ambaye sehemu ya mwili wake iko nchi nyingine. Pengo hilo linapaswa kuzibwa kabla fuvu la kwanza halijarudi Ruvuma, kwa sababu siku hiyo maswali yatakuwa ya haraka: nani analipokea, linazikwa wapi, na je, kaburi la zamani lifunguliwe ili lipokee kilichokuwa chake?

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa makaburi ya Ruvuma hayawezi kuchunguzwa kwa kuiga mpangilio uliozoeleka Misri. Udongo ni mwingine, ziwa lina mwendo wake, na historia ya uporaji ni ya jana. Misri inafaa kama mwalimu wa mbinu, hasa kwa somo la Petrie kwamba kaburi la mtu wa kawaida lina neno, na kama onyo, hasa kwa yaliyoupata mwili wa Tutankhamun mikononi mwa watu waliomthamini.

Ufunguzi wa kaburi ambao Ruvuma ina haki ya kuudai kwanza ni ule wa kabati za maghala ya mbali. Fuvu la Nduna Songea likipatikana, uamuzi wa kuligusa kaburi lake utakuwa wa ukoo wa Mbano, na kazi ya mwanaakiolojia itakuwa kuhakikisha kwamba ukoo huo unaamua ukiwa na ushahidi wote mezani. Lisipopatikana, kaburi litaendelea kuwa ushahidi kwa jinsi lilivyo: limefungwa, linajulikana, na linatembelewa kila Februari na watu wanaojua wanamlilia nani.